Mafunzo ya haki za binadamu kituoni: mwongozo kamili wa kuyafanya yabaki kaunta

Wasaidizi wa kisheria, askari wa Dawati la Jinsia na Watoto na hata wakuu wa vituo kutoka Mbalizi, Tukuyu, Mafinga na Makambako, huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, wanarudi na lalamiko lilelile. Mafunzo yalifanyika, vyeti vikagawiwa, picha ya pamoja ikapigwa. Juma lililofuata kijana wa bodaboda akalala mahabusu siku tatu, na mama yake akazungushwa kaunta bila kuambiwa kama yupo au hayupo.

Tatizo kubwa liko kwenye namna mafunzo yanavyoendeshwa. Mtoa mada anasoma matamko ya kimataifa tangu asubuhi hadi chakula cha mchana, askari wanaandika, kisha kila mmoja anarudi kwenye lindo lake na mazoea yake. Askari wa zamu ana kitabu, saa, funguo za mahabusu na watu watano wanaomsemesha kwa pamoja. Haki ya mtu hulindwa au huvunjwa pale, kwa kalamu na kwa ufunguo. Kwa hiyo mafunzo yafanyike pale.

Mwongozo huu ni wa kipindi cha siku moja kwenye kituo cha wilaya, kwa kikundi kisichozidi askari 20. Kwa kituo kidogo cha kata, punguza watu. Hatua usizipunguze.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Barua kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa, nakala kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya na Mkuu wa Kituo.
- Nakala ya Katiba ya mwaka 1977, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai (Sura ya 20), Sheria ya Ushahidi (Sura ya 6) na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Tafuta toleo linalotumika sasa. Namba za vifungu hubadilika sheria zinapofanyiwa marekebisho, na askari mmoja akikukamata na namba ya zamani, darasa lote litaacha kukusikiliza.
- Saa ya ukutani yenye betri mpya. Hii utaiacha kituoni.
- Kaunta buku uliyoichora kwa rula ifanane na rejista ya mahabusu, na nakala za PF3 (fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali) zilizoandikwa MFANO kwa herufi kubwa.
- Bangokitita, maka peni na visa vitano vya kubuni.
- Watu watatu wa kukusaidia: wakili au hakimu, tabibu kutoka hospitali ya wilaya, na mtu aliyewahi kukaa mahabusu kisha akaachiwa bila hatia, ambaye yuko tayari kusimulia.
- Chai nzito na kitu cha kutafuna. Wengi watakuwa wametoka lindo la usiku.

Usilete majalada halisi wala visa vya kesi zinazoendelea, hata ukibadilisha majina. Tukuyu au Mafinga ni mji mdogo. Kila mtu atajua unamsema nani, na mtuhumiwa atakuwa amehukumiwa darasani.

## Hatua ya 1: Pata kibali, kisha chagua watu

Barua iseme wazi kwamba lengo ni kusaidia kituo kufuata taratibu ambazo tayari ni za Jeshi lenyewe. Taja Sura ya 20 na Kanuni za Kudumu za Jeshi la Polisi. Unaweza pia kukumbusha kwamba mwaka 2023 Rais aliunda Tume ya kuangalia taasisi za haki jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na polisi walikuwa sehemu ya kazi hiyo. Kamanda akiona hilo anaelewa kwamba hujaja kutafuta mchawi.

Katika orodha ya washiriki, omba kwa cheo cha kazi: askari wa kaunta, wapelelezi, madereva na askari wa doria, askari wa Dawati, na mlinzi wa mahabusu. Ukiacha kituo kichague chenyewe utaletewa waliokuwa na nafasi siku hiyo, na wasio na nafasi ndio unaowahitaji.

Omba pia mgambo wawili na mtendaji wa kata. Huku kwetu, mtu wa Chunya ndani au wa vijiji vya Makete mara nyingi hukamatwa na mgambo, hufungiwa kwenye ofisi ya kata, na hufika polisi saa nyingi baadaye. Sheria inamruhusu raia kukamata, lakini inamtaka amkabidhi aliyekamatwa kwa polisi bila kuchelewa. Mgambo asiyejua hilo anaweza kuharibu kesi kabla haijafika kaunta.

Tahadhari kuhusu vyeo: konstebo hatasema kweli mbele ya mkaguzi wake. Mwombe mkuu wa kituo afungue, akae kipindi cha kwanza, atoke, kisha arudi saa ya maazimio. Mweleze sababu kwa heshima kabla ya siku yenyewe, isije ikaonekana unamfukuza afande mbele ya vijana wake.

Utajua umefaulu ukiwa na orodha yenye angalau askari wanne wanaokaa kaunta kwa zamu, na siku isiyogongana na gulio, mitihani ya taifa au ziara ya kiongozi.

## Hatua ya 2: Kaa kituoni nusu siku kabla ya kufundisha

Kwa idhini ya mkuu wa kituo, keti kwenye benchi la wananchi uangalie. Saa ya ukutani ipo? Inakwenda? Rejista ya mahabusu ina safu ya muda wa kukamatwa, au ina muda wa kupokelewa kituoni tu? Maji ya kunywa yako wapi? Mwanamke akiletwa usiku anawekwa wapi? Ndugu wakiuliza, wanajibiwa na nani?

Usipige picha. Usiongee na mahabusu bila ruhusa. Unatafuta mambo matano hivi ya kweli ya kituo hicho, ambayo visa vyako vya kubuni vitayagusa.

Hatua hii wengi wanairuka kwa sababu haina posho. Ukiiruka, utafundisha kituo ambacho hakipo.

## Hatua ya 3: Anza na askari mwenyewe

Dakika 30 za kwanza ziwe zao. Uliza: ni jambo gani katika kazi hii linakuvunjia utu? Watasema lindo mfululizo, nyumba, mafuta ya difenda, kutukanwa na wananchi, amri zinazotoka kwa wakubwa wasiokuwepo. Andika yote kwenye bangokitita bila kubishana.

Askari ni mtu mwenye haki, na mtu anayeona haki zake hazisikilizwi ana ugumu wa kusikiliza za mwingine. Hata hivyo usiruhusu orodha hiyo igeuke udhuru. Uchovu unaeleza kwa nini mtu alisahau kuandika kitabu. Hauelezi kwa nini alimpiga mtu aliyefungwa pingu.

Kisha soma Ibara ya 13(6) ya Katiba, vipande viwili tu: (b), kwamba mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai asitendewe kama mwenye hatia mpaka itakapothibitika hivyo, na (e), kwamba ni marufuku kumtesa mtu au kumpa adhabu za kinyama au za kumdhalilisha. Usiendelee na ibara nyingine. Hizo mbili zinatosha kwa siku nzima.

## Hatua ya 4: Zoezi la ukamataji

Toka nje, uani. Mmoja awe askari, mwingine dereva wa bodaboda wa Mwanjelwa, wengine wawe watu wa kijiweni. Mwambie askari akamate kama anavyokamata siku zote.

Karibu kila mara utasikia, "Twende, utajua kituoni." Simamisha hapo. Sheria inamtaka anayekamata amwambie mtu sababu ya kukamatwa wakati wa kukamatwa, isipokuwa mazingira yenyewe yameshaonyesha sababu au mtu huyo anafanya iwe vigumu kumweleza. Waambie warudie kwa sentensi moja: jina, kituo, kosa. "Naitwa Konstebo fulani wa kituo cha kati. Nakukamata kwa tuhuma ya kuiba pikipiki jana usiku pale stendi. Twende kituoni." Warudie mpaka itoke bila kusitasita.

Baada ya hapo ingiza mambo matatu yanayosumbua mitaani.

La kwanza, nguvu. Inaruhusiwa ile tu inayohitajika kumkamata mtu au kumzuia asitoroke. Akishatii, hakuna kofi la kumtia adabu. Adabu ni kazi ya hakimu.

La pili, kumkamata mke au baba kwa sababu mtuhumiwa mwenyewe hajaonekana. Kosa la jinai halirithiwi wala haliwekwi rehani. Anayekamatwa awe ni yule anayetuhumiwa, basi. Darasani watabishana sana hapa, na wengine watasema njia hiyo "inasaidia". Waache waseme, kisha waulize wataandika kosa gani kwenye rejista mbele ya jina la huyo mama. Kimya kitakachofuata kinafundisha kuliko hotuba.

La tatu, madeni. Mkulima wa viazi wa Umalila anadaiwa na mfanyabiashara, na mfanyabiashara anakuja na gari lake kuomba askari. Deni ni madai, na madai yana mahakama yake. Askari anayegeuka mkusanya madeni ndiye anayeishia kwenye lawama za kubambikia kesi.

Upekuzi upite haraka: mwanamke apekuliwe na mwanamke, kwa staha, na kila kilichochukuliwa kiandikiwe hati mbele ya shahidi na kisainiwe.

Utajua umefaulu ikiwa kila askari ameweza kutaja sababu ya kukamata kwa sentensi moja, na waliocheza raia wanasema wameelewa wanakopelekwa na kwa nini.

## Hatua ya 5: Zoezi la saa

Usiliharakishe. Likieleweka hili peke yake, siku haikupotea.

Askari wengi wanajua "saa 24" na wanadhani ndizo zinazotawala kila kitu. Kuna vipimo viwili tofauti. Saa 24 zinahusu kumfikisha mtu mahakamani, au kumwachia kwa dhamana ikiwa hilo haliwezekani na kosa linaruhusu. Kuhoji kuna kipimo chake: muda wa msingi ni saa 4, nao unaanza kuhesabiwa tangu mtu alipowekwa chini ya ulinzi. Haungoji afike kituoni, wala mpelelezi aingie kazini.

Chora mstari mrefu ubaoni, kisha toa kisa hiki:

Kijana anakamatwa Uyole saa 1:30 jioni kwa tuhuma ya wizi wa simu. Difenda inafika kituoni saa 2:10 usiku, na njiani hakuhojiwa. Mpelelezi anaripoti asubuhi na kuanza kuandika maelezo ya onyo, yaani maelezo ya mtuhumiwa baada ya kuonywa, saa 3:00. Je, yuko ndani ya muda?

Wape dakika kumi wahesabu. Wengi watasema ndiyo, kwa kuwa saa 24 hazijaisha. Sasa hesabu nao. Tangu saa 1:30 jioni, muda wa saa 4 unaishia saa 5:30 usiku. Sheria haihesabu muda wa kumsafirisha kwenda kituoni kwa ajili ya upelelezi ikiwa hahojiwi, kwa hiyo ongeza dakika 40: saa 6:10 usiku. Vilevile haihesabu muda wa kumsubiri wakili aliyeitwa. Lakini muda wa kumsubiri mpelelezi aamke hauna msamaha wowote. Maelezo ya saa 3:00 asubuhi yameandikwa karibu saa 9 baada ya muda kwisha.

Njia halali ipo. Afisa anayesimamia upelelezi, akiwa na sababu ya msingi, anaweza kuongeza muda usiozidi saa 8 na kumjulisha mtuhumiwa. Anaweza pia kumwomba hakimu nyongeza kabla muda haujaisha. Yote yaandikwe, pamoja na dakika.

Mwachie wakili au hakimu uliyemwalika aeleze kinachotokea mahakamani. Maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda yanaweza kuondolewa kwenye ushahidi, na Mahakama ya Rufani imeshayaondoa katika kesi nzito, zikiwemo za mauaji. Familia ya marehemu inatoka mahakamani mikono mitupu kwa sababu kitabu hakikuandikwa. Askari wanaoona haki za mtuhumiwa kama upendeleo kwa wahalifu huanza kubadili sura hapa. Ni vema. Ila usiishie hapo, maana haki hizi zingekuwepo hata kama hakuna kesi ambayo ingepotea. Yule kijana wa Uyole huenda hajaiba chochote.

Malizia kwa vitendo. Tundika saa ya ukutani kaunta, mahali askari na mtu anayepokelewa wanaiona wote. Kwenye kaunta buku ya mfano, ongeza safu nne: muda wa kukamatwa, muda wa kufika, muda mahojiano yalipoanza na yalipokwisha, na muda ndugu walipojulishwa.

Tahadhari: atatokea mtu aulize kama anaweza kuandika muda wa kukamatwa "vizuri" ili hesabu ikubali. Jibu mbele ya wote kwamba huko ni kughushi, na kwamba simu ya ndugu, tiketi ya basi na dereva wa difenda wote wanaweza kuitwa mahakamani kueleza muda halisi.

Utajua umefaulu ikiwa utawapa kisa cha pili, tuseme mtu aliyekamatwa Tunduma alfajiri, na darasa likakokotoa bila wewe kusaidia.

## Hatua ya 6: Chumba cha mahojiano

Waketi wawili wawili. Mmoja anahoji, mwingine ni bibi wa Rungwe anayezungumza Kinyakyusa vizuri na Kiswahili kwa shida. Mpangilio uwe huu:

Kwanza, anayehoji ataje jina na cheo. Pili, ampe onyo: halazimiki kusema lolote isipokuwa jina na anwani yake, na atakachosema kinaweza kutumika kama ushahidi. Tatu, amwambie anaweza kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Nne, ahakikishe lugha inaeleweka, na isipoeleweka atafutwe mkalimani. Tano, maelezo yasomwe yakiisha, mwenyewe apewe nafasi ya kusahihisha, ndipo asaini au aweke dole gumba.

Hapo kwenye lugha pana hatari maalumu katika mikoa yetu. Mzee wa Kisafwa au Kihehe anaweza kuitikia "ndiyo, ndiyo" kwa adabu mbele ya mwenye mamlaka, na "ndiyo" hiyo ikaandikwa kama kukiri. Wafundishe kutouliza maswali ya ndiyo na hapana. "Ulikuwa wapi Jumapili jioni? Nieleze ulivyofanya tangu mchana." Maswali ya wazi yanaleta habari zinazoweza kukaguliwa: majina, mahali, muda. Kipigo kinaleta jambo moja tu, yaani lile ambalo anayepiga alishataka kusikia.

Chini ya Sheria ya Ushahidi, ungamo mbele ya polisi linapokelewa likiwa la hiari, na wa kuthibitisha hiari hiyo ni upande wa mashtaka. Vitisho vinaweza kuliharibu, na hata ahadi: "kubali tu, kesho utakwenda nyumbani." Ahadi hiyo inatolewa kwa sauti ya upole, ndiyo maana wengi hawaioni kama kosa.

Usifanye igizo la mateso, hata kwa mzaha, na usiruhusu mtu aonyeshe "tulivyokuwa tukifanya". Darasa litacheka, na kicheko hicho kitabaki kuliko somo. Badala yake mpe nafasi yule mgeni wako aliyewahi kukaa mahabusu. Asimulie bila kutaja majina ya askari wala kituo. Baada yake usihitimishe chochote. Nenda mapumziko.

## Hatua ya 7: Mahabusu

Mwachie tabibu aongoze. Mtu anapopokelewa aulizwe mambo matatu: umeumia? una ugonjwa? unatumia dawa? Anayetumia ARV, dawa za kifua kikuu au za kisukari akikosa dozi siku mbili amepata adhabu ambayo hakuna hakimu aliyeitoa. Jeraha lililoonekana wakati wa kupokelewa liandikwe, na apewe PF3 aende kutibiwa. Kuandika huko kunamlinda askari pia, kwa sababu kunaonyesha kama jeraha lililetwa au lilipatikana kituoni. PF3 haina malipo, na mwananchi asitozwe.

Baridi isisahaulike. Juni na Julai, sakafu ya saruji Njombe au Makete bila blanketi si jambo dogo. Kituo kisicho na bajeti kinaweza kuruhusu ndugu walete blanketi na chakula kwa utaratibu ulioandikwa, ili ruhusa isitegemee askari gani yuko zamu.

Mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Akionekana mdogo, achukuliwe kuwa mtoto mpaka umri ujulikane. Asichanganywe na watu wazima hata kwa usiku mmoja. Mzazi na afisa ustawi wa jamii wajulishwe, na shauri liende Mahakama ya Watoto. Mbeya ina mahabusu ya watoto, kwa hiyo "hatuna pa kumweka" lisikubalike upesi. Mtoto wa chini ya miaka 10 hawajibiki kwa kosa la jinai kabisa.

## Hatua ya 8: Dhamana

Fupi, kwa sababu sheria ni fupi na tatizo ni tabia. Dhamana ya polisi haina ada. Akinyimwa, sababu iandikwe. Bandika tangazo kaunta lenye maneno DHAMANA NI BURE pamoja na namba ya simu ya ofisi ya Mkuu wa Polisi wa Wilaya. Mkuu wa kituo akikataa tangazo hilo, umeshajua pa kuanzia ziara yako ijayo.

## Hatua ya 9: Nguvu, silaha na kundi la watu

Tarehe 2 Septemba 2012, katika kijiji cha Nyololo, Mufindi, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi, aliyekuwa mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari ya Iringa, aliuawa kwa bomu la machozi wakati polisi wakizuia shughuli ya chama cha siasa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu Iringa ilimtia askari mmoja hatiani kwa kuua bila kukusudia na kumfunga miaka 15. Kila askari wa Nyanda za Juu Kusini analijua jambo hili, na mafunzo yanayolikwepa yanaonekana ya woga.

Lizungumze kwa upole na kwa ukweli. Mtu alikufa, mke akabaki mjane, na askari kijana akaenda gerezani. Kisha waulize: katika ile dakika, nani alipaswa kusema "acha"? Kanuni za Maadili za Umoja wa Mataifa za mwaka 1979 kwa watekelezaji wa sheria zinasema amri ya mkubwa haihalalishi mateso, na misingi ya Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya nguvu na silaha, iliyopitishwa Havana mwaka 1990, inataka njia zisizo na nguvu zitangulie, nguvu isizidi hatari iliyopo, aliyejeruhiwa apate tiba mara moja, ndugu wajulishwe, na taarifa iandikwe. Yageuze hayo yawe maswali manne ya kukariri: Je, kuna sheria inayoniruhusu? Je, hakuna njia nyingine? Je, nguvu hii inalingana na hatari? Nani anamhudumia aliyeumia?

Geuza upande wa pili pia. Wananchi wenye hasira wamemzingira mwizi wa kuku Ilemi, matairi yameshaletwa. Askari wawili wamefika. Haki ya kuishi ya mtuhumiwa huyo imewekwa mikononi mwao, na hapa polisi ndio walinzi wa haki za binadamu kwa maana ya wazi kabisa. Wapange: nani anaongea na kundi, nani anamfikia mtu, gari linasimama wapi, nani anapiga simu. Askari wanalipenda zoezi hili kwa sababu linawaonyesha kazi yao katika hali yake bora. Lipe muda.

Utajua umefaulu wakianza kubishana wao kwa wao juu ya lipi lilipaswa kufanyika kwanza.

## Hatua ya 10: Maazimio, na kurudi

Mkuu wa kituo arudi. Darasa lichague mambo matatu tu ambayo kituo kitaanza kesho yake asubuhi. Safu nne kwenye rejista. Mpelelezi wa zamu ya usiku. Simu kwa ndugu ndani ya saa ya kwanza, na kuandikwa. Yawe mambo yasiyohitaji bajeti ya Dodoma. Kila jambo lipewe jina la mwenye jukumu, na mkuu wa kituo asaini.

Jadilini pia askari afanye nini akimwona mwenzake anapiga mtu. Amzuie kwanza, kwa maneno au kwa kumtoa chumbani. Amwambie mkuu wa zamu, kisha mkuu wa kituo. Kama hao ndio wahusika, yapo makao ya wilaya na ya mkoa, na ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoanza kazi mwaka 2001, ambayo hupokea malalamiko ya raia na ya watumishi. Aandike tarehe na muda. Usiwaambie ni rahisi, kwa sababu wanajua si rahisi.

Rudi baada ya mwezi. Usigawe fomu ya kuuliza kama walifurahia mafunzo. Omba kuona rejista na uhesabu nafasi zilizoachwa wazi kwenye zile safu nne. Uliza ndugu walioketi kwenye benchi walijulishwa saa ngapi. Angalia kama saa ya ukutani inakwenda. Mahali penye nafasi nyingi wazi, tafuta zamu gani inaziacha, ukae na zamu hiyo peke yake kwa muda mfupi. Mara nyingi ni zamu ya usiku, na mara nyingi ni mtu mmoja aliyeachiwa kazi ya watatu.

Jambo la mwisho, ambalo limeua mafunzo mengi mazuri: uhamisho. Mkuu wa kituo aliyekupokea anaweza kuwa Sumbawanga kabla ya mvua zijazo. Omba maazimio yale matatu yaingizwe kwenye hati ya makabidhiano ya kituo, nakala ibaki kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya na nyingine kwako. Ukisikia afande mpya ameripoti, nenda ukajitambulishe juma hilohilo ukiwa na nakala hiyo mkononi, na umwombe mpitie rejista pamoja.